Matundu ya Sindano

Koti limelala juu ya meza yangu ya cherehani,
Katuba, saa kumi na mbili kasoro, umeme umekatika tena,
na mimi nalisoma kwa kidole.
Zamani lilikuwa na rangi ya majani makavu.
Sasa ni vumbi la mgodi baada ya mvua,
isipokuwa hapa,
juu ya mfuko wa kushoto,
ambapo pamebaki kipande kibichi
kipana kama kisanduku cha kiberiti.
Jua halikukiona kwa miaka.

Papa Adelari, mwenye duka la vitu vya kale karibu na posta,
amesema: Niambie kilichokuwa pale, nikuambie bei.
Kikosi gani. Cheo gani. Mwaka.
Bila alama, dada, hilo ni koti la baridi tu.

Basi nahesabu.
Begani kushoto, matundu manne, mawili mawili:
hapo palibanwa chuma, hapakushonwa.
Begani kulia matatu, na la nne limeraruka
kama mtu aliling'oa kwa haraka
au kwa hasira; matundu hayasemi.
Kwenye mkono, chini kidogo ya bega,
kivuli cha upinde, mgongo wake juu.
Galoni? Jina la nchi?
Nchi ipi, kati ya zile zilizopita hapa
bila mtu yeyote kuhama nyumba yake?

Nageuza ndani. Ndani ndiko koti husema kweli.
Uzi mweusi, mishono mirefu, ya mtu asiyejua kushona.
Chini yake mwekundu, mishono mifupi, ya fundi wa kambi.
Na chini ya mwekundu, vinyuzi vya kaki
vilivyokatwa kwa wembe.
Mara tatu, mahali palepale.
Mabwana watatu walipigiwa saluti kwa mkono mmoja,
na koti likafuliwa kwa sabuni ileile.

Nkambo Kabwita hakusimulia vita.
Alisimulia mguu wake, mvua za Kolwezi,
mbwa mmoja aliyekula mkanda wa bunduki.
Tulipomwuliza alikuwa askari wa nani
alianza kutafuta miwani yake,
nayo ilikuwa usoni.

Usiku ule (bibi alilisema mara moja tu,
akichambua lengalenga)
magari yalipita kuelekea Kamalondo, taa zimezimwa.
Nyumba kwa nyumba walikuwa wanatafuta vifua.
Akachukua wembe wa kuwanyolea watoto.
"Nikatoa kila kilichong'aa."
Vikaenda wapi?
"Chooni," akasema, akarudi kwenye mboga.

Lakini si vyote.
Ufunguo wa sanduku lake la bati
una kamba, na kwenye kamba kuna kijisalaba cha shaba,
mikono minne sawa, ncha zimepanuka,
kimelainika kwa vidole.
Nilikitafuna nilipoota meno.
Nilichorea nacho miraba ya kurukia uani.
Sasa nakichukua, nakiweka kolani,
juu ya doa dogo ambalo nusura nilipite,
na kinaingia
kama jino kwenye ufizi wake.

Madoa mengine mawili, kando yake, yanangoja.

Nakaa nacho muda.
Nje muuza mikate anapiga kengele ya baiskeli, anaondoka.
Kisha nakifunga tena kwenye ufunguo, mafundo mawili.

Namwandikia Papa Adelari nyuma ya risiti ya vifungo:
Bega, haijulikani. Mkono, haijulikani. Kola, haijulikani.
Bibi anauliza kutoka kitandani naandika nini.
Namsomea.
Anacheka, anakohoa, anacheka tena.
"Mwambie alinuse kwapani," anasema.
"Hapo wembe wangu haukutoa kitu."